Picha Iingie Baada ya Maneno

Darasa la uandishi ninaloliendesha hapa Moshi siku za Jumamosi lina watu wa rika mbalimbali: wastaafu wa ualimu na uuguzi, mama mmoja anayeuza vitambaa karibu na Soko la Mbuyuni, mzee aliyefanya kazi reli, na vijana kadhaa waliomaliza chuo ambao bado wanatafuta ajira. Wote wanaandika tawasifu, wengine ya maisha yao yote na wengine ya kipande kimoja tu, kama vile utoto, mwaka mmoja wa shule ya bweni, au msiba uliobadilisha nyumba. Rasimu ikishaanza kukomaa, swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, naruhusiwa kuweka picha?" Siku hizi swali hilo limeongezewa sauti, video na hata wimbo wa kusindikiza. Huwa najibu ndiyo, ila kwa masharti, na leo napenda kuyaeleza masharti hayo pamoja na namna ya kuyatimiza kwa simu ya kawaida, kwa sababu nimeona baadhi ya walimu wenzangu wakikataza picha kabisa kwa kuhofia kwamba zitaua maandishi, na wengine wakiziruhusu bila kusema neno lolote, nami naona kwamba pande zote mbili zinamnyima mwanafunzi sehemu muhimu ya kazi yake.

Sharti kubwa ni kwamba picha haiingii mpaka maneno yawe yamekamilika. Mwanafunzi anayeanza na picha huandika kama mtu anayeonyesha kwa kidole: hapa nilikuwa na mama, hapa ni nyumbani kwetu, hapa ni siku ya kipaimara. Aya ya namna hiyo haina moshi wa jikoni, haina ugomvi uliotangulia asubuhi ile, haina jambo lolote ambalo kamera haikuliona, kwa kuwa mwandishi amekwisha kuikabidhi picha kazi yake yote. Kwa hiyo huwaambia waandike kana kwamba albamu iliungua pamoja na nyumba, na picha isubiri ndani ya bahasha hadi rasimu ya pili. Wakati huo ndipo tunapofanya jaribio dogo: mwandishi anaifunika picha kwa kiganja na kuisoma aya kwa sauti mbele ya wenzake, kisha anaifunua. Ikiwa wasikilizaji hawapati chochote kipya baada ya kuiona, picha hiyo ni pambo na inaweza kurudi kwenye bahasha. Ikiwa hawakuielewa aya mpaka walipoiona picha, aya haijaandikwa bado. Tunachokitafuta kiko katikati, yaani aya inayosimama kwa miguu yake yenyewe na picha inayoongeza jambo ambalo aya haikulisema, au inayolibishia.

Nasisitiza hilo la kubishia, maana ndipo ninapoona faida kubwa zaidi ya picha katika tawasifu. Mwanafunzi mmoja, muuguzi mstaafu, aliandika kwa uchungu na ustadi kwamba siku ya kipaimara chake alikwenda kanisani miguu mitupu kwa sababu fedha ya kahawa ilikuwa haijalipwa, na kwamba alijificha nyuma ya wenzake wakati wa kuimba. Alipoleta picha ya studio iliyopigwa siku hiyo hiyo, miguuni alikuwa na viatu vyeusi vya mikanda. Alishtuka kuliko sisi, kwani alikuwa ameitazama picha ile maisha yake yote bila kuiona, na wazo lake la kwanza lilikuwa kuifuta sentensi ya miguu mitupu. Nilimwomba asifute kitu chochote, bali ampigie simu dada yake mkubwa aliyeko Machame. Dada akacheka, akamwambia: "Mdogo wangu, vile viatu vilikuwa vyangu. Nilivivua pale nje ya studio nikakuvalisha, nikabaki peku nakusubiri."

Tazama basi jinsi mambo yalivyojipanga. Kumbukumbu ilikuwa sahihi, kwa sababu kanisani alikwenda peku kweli. Picha nayo ilikuwa sahihi, kwa sababu studio alivaa viatu. Lakini mtu aliyekuwa muhimu kuliko wote katika tukio hilo, yule dada aliyesimama nje bila viatu, hakuwamo ndani ya picha wala ndani ya rasimu, na asingepatikana kama mwandishi angeuficha mgongano ule kwa kurekebisha sentensi kimya kimya. Sura ile sasa inaanza na miguu mitupu, inafuata picha yenye viatu, halafu mazungumzo ya simu, na mwandishi hatoi maelezo ya ziada. Tangu hapo nimeifanya kuwa kanuni ya darasa kwamba picha na kumbukumbu zikigombana, yeyote kati yao asifukuzwe mpaka ahojiwe mtu wa tatu.

Kuihoji picha ni kazi inayohitaji muda, nami huitengea kipindi kizima. Tunaanza na sehemu ya nyuma, ambako mara nyingi kuna muhuri wa studio, tarehe iliyoandikwa kwa mkono, au neno la salamu kwa mtu ambaye hatukujua kwamba picha ilikuwa imekusudiwa kwenda kwake. Kisha tunaitazama pembeni kabla ya katikati: pazia lililochorwa mandhari, saa ya mkononi iliyovutwa hadi ionekane, mkono wa mtu aliyekatwa na fremu, kivuli cha mpiga picha chini ya miguu ya watoto. Rangi pia hutoa ushahidi wake. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka kuwa na wekundu kwa sababu rangi ya samawati iliyomo ndani ya karatasi hufifia upesi kuliko nyingine, hivyo mwanafunzi asije akaandika kwamba shangazi alivaa gauni la rangi ya machungwa kwa sababu tu ndivyo picha inavyoonyesha leo.

Kwa watu wa huku kwetu kuna mtego mwingine, nao ni mlima. Karibu kila familia ina picha ya uani ambayo nyuma yake Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana nyeupe kuliko tunavyoizoea sasa, na mwandishi hutaka kuandika papo hapo kwamba hii ndiyo barafu iliyopotea. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake, na mwandishi anayo haki ya kulisema hilo. Hata hivyo, weupe wa kwenye picha moja unaweza kuwa theluji iliyoanguka usiku wa kuamkia siku hiyo na kuyeyuka baada ya siku chache, hivyo picha ya uani haitoshi kuwa shahidi wa karne. Atakachoweza kukiandika kwa uhakika ni kile alichokuwa akikiona kutoka mlangoni kwao mwaka hadi mwaka, na hicho kina uzito wake katika tawasifu.

Baada ya hapo ndipo yanapoandikwa maelezo ya picha, mistari michache inayokaa chini yake, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapolegeza mkono. Wanaandika "Mimi na mama yangu, 1974" kisha wanapumzika. Huwaagiza waandike mambo mawili. La kwanza ni taarifa kavu: nani, wapi, lini, nani alipiga, na pale ambapo mwaka ni wa kukisia, neno "takriban" litumike bila haya. La pili ni sentensi moja inayotaja jambo ambalo msomaji asingelijua hata akiitazama picha kwa saa nzima. Mzee wa reli alileta picha ya wafanyakazi wamepanga mstari mbele ya stesheni ya Moshi, mahali ambapo reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na maelezo yake ya mwanzo yalikuwa orodha ya vyeo. Baada ya kuulizwa maswali aliongeza kwamba yule wa pili kutoka kushoto alikuwa amekuja kazini siku yake ya mapumziko kwa ajili ya picha hiyo tu, akaazima kofia. Kofia inaonekana kwenye picha. Kwamba iliazimwa, hilo ni la mwandishi.

Kuna pia maelezo ya aina nyingine ambayo watu huyasahau, nayo ni yale ya kumsaidia asiyeona. Kwenye mtandao, msomaji asiyeona husomewa na simu yake yale maneno ambayo mwandishi ameyaambatisha kwenye picha, na kama hakuambatisha chochote, husomewa jina la faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana. Sentensi moja inayoeleza kinachoonekana inatosha. Itamfaa hata yule anayeona vizuri ambaye bando limemwishia njiani na picha haifunguki.

Kuhusu kuzihamisha picha za karatasi kwenda kwenye simu, sihitaji mwanafunzi anunue kifaa chochote. Picha itolewe kwenye fremu yenye kioo ikiwa inatoka kwa urahisi, lakini ile iliyogandamana na kioo, au iliyomo kwenye albamu zile za kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu, isibanduliwe kwa nguvu, maana ngozi ya picha hubaki kwenye gundi. Iwekwe mezani karibu na dirisha upande wa kivuli, mwanga wa simu uzimwe, simu ishikwe sambamba na meza ili pande nne zisipinde, na ipigwe mara kadhaa. Upande wa nyuma nao upigwe. Picha ndogo kama ya pasipoti ni afadhali ipelekwe stesheneri ikaskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi. Ikiwa ina upana wa sentimita 3.5 na urefu wa sentimita 4.5, itatoa pikseli zipatazo 830 kwa 1060, ambazo zinatosha kuichapisha kwa ukubwa mara mbili, yaani sentimita 7 kwa 9, kwa kiwango cha nukta 300 kinachotakiwa na wachapaji wengi. Anayeskani kwa nukta 150 ili amalize upesi atajikuta na sura iliyovurugika siku kitabu kitakapotoka, na wakati huo picha yenyewe huenda imekwisha kurudi kwa mwenyewe kijijini.

Wengi hutumiana picha kwa WhatsApp, na ndipo ubora unapopotea, kwa sababu programu hiyo hupunguza ukubwa wa picha inayotumwa kwa njia ya kawaida. Ikitumwa kama hati badala ya kutumwa kama picha, hufika jinsi ilivyo. Nakala kubwa ihifadhiwe mahali pawili, kwa mfano kwenye fleshi na kwenye simu ya ndugu, na kwa ajili ya mtandao itengenezwe nakala ndogo isiyozidi kilobaiti 300 au 400, kwa sababu wasomaji wetu wananunua bando kwa fedha yao na hakuna anayependa kulimaliza kwa kungojea harusi ya mtu asiyemjua ifunguke. Faili zipewe majina yanayosomeka, kwa mpangilio wa mwaka, mahali na watu. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Sauti ni jambo ambalo wanafunzi hawaliombi kwa nafasi ya kwanza, ilhali mimi ningewapa hilo kabla ya picha. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo wengi wetu tulio na umri wa kuandika tawasifu tulikulia kwenye nyumba ambazo habari, michezo ya kuigiza na matangazo ya vifo viliingia kwa redio, na tukizungumza juu ya utoto tunakumbuka sauti kuliko sura: mvua juu ya bati, kinu, kengele ya kanisa iliyopigwa kwa namna moja kwa ibada na kwa namna nyingine kwa msiba. Sauti nyingi kati ya hizo bado zipo, na zinaweza kurekodiwa leo bila kuomba kitu studio yoyote.

Kijana mmoja anayeishi Pasua alikuwa anaandika juu ya bibi yake wa Rombo, ambaye zamani alikuwa akiwaita wajukuu kutoka ng'ambo ya korongo jua likizama. Aliandika aya tatu za kujaribu kuieleza sauti ile, kwamba ilipanda, ikakatika, ikavutwa, na kila aya ilikuwa dhaifu kuliko iliyotangulia, si kwa uvivu wake, bali kwa sababu jambo lenyewe halishikiki kwa maneno. Mwisho wa mwezi alikwenda kumsalimia bibi na kumwomba aite kama zamani. Rekodi aliyorudi nayo ina sekunde chache za mwito, kimya kifupi ambacho ndani yake kuku wanasikika, halafu bibi anacheka na kusema kwa Kirombo: "Sasa nimwite nani, na ninyi nyote mko mjini?" Kijana alitaka kukata kipande hicho cha mwisho kwa kuwa aliona kinaharibu usafi wa mwito. Darasa zima lilimkatalia, nami nikaungana nalo. Zile aya tatu alizipunguza zikawa sentensi moja, ambayo sasa inasimama juu ya kitufe cha kusikiliza, na chini yake ameandika maneno yote yaliyosemwa, ya Kirombo na maana yake kwa Kiswahili, kwa ajili ya anayesoma mahali asipoweza kufungua sauti.

Mambo ya kurekodi ni machache, lakini yakipuuzwa huharibu kila kitu. Simu iwekwe katika hali ya ndege ili isiite katikati ya hadithi, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtetemo wa meza, na iwe karibu na msemaji kiasi cha mkono mmoja. Chumba chenye vitanda, mapazia na makochi ni bora kuliko sebule tupu ya sakafu ya vigae, ambayo hurudisha mwangwi. Siku ya mvua, chini ya bati, msimrekodi mtu akizungumza. Rekodini mvua yenyewe na mzungumze siku nyingine. Kabla ya kuanza au baada ya kumaliza, iachwe simu ikirekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika, kwa kuwa ukimya huo utafaa kuziba pengo wakati wa kukata na kuunga. Faili ya WAV, yaani ya sauti isiyobanwa, yenye ubora wa kawaida hula takriban megabaiti 10 kwa dakika ikiwa ni ya stirio, na nusu yake ikiwa ni ya mkondo mmoja, wakati MP3, yaani sauti iliyobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti moja tu. Kwa hiyo ni vyema kuhifadhi ile kubwa na kuweka mtandaoni hii ndogo. Kipande cha kuweka ndani ya tawasifu kisizidi dakika moja. Aliyesimulia kwa saa mbili anastahili kuhifadhiwa kwa saa zake mbili, lakini katika maandishi ya mwingine anapewa nafasi ya pumzi chache.

Na mzee asihojiwe kama mshtakiwa. Vijana wetu hufika na orodha ya maswali waliyoyachapa, wakishasema shikamoo wanaanza kuuliza mwaka wa kuzaliwa, na mzee anajibu kama anayejaza fomu. Afadhali apewe kitu mkononi, iwe ni picha, risiti ya zamani ya kahawa kutoka chama cha msingi, au ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa, kisha aachwe azungumze mpaka yeye mwenyewe afike kwenye mwaka.

Nimeitaja risiti ya kahawa. Hati za aina hiyo ni hazina ambayo familia za Kilimanjaro zinazo na hazijui kuitumia. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa mkoa huu, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na katika masanduku mengi bado kuna vitabu vya mauzo, barua za shule na kadi za uanachama. Picha ya risiti moja yenye uzito wa kahawa, tarehe na alama ya dole gumba la babu inaweza kueleza kwa nini mtoto hakwenda sekondari mwaka ule, ilimradi mwandishi aisome pamoja na msomaji mstari kwa mstari, badala ya kuibandika tu ili kuthibitisha kwamba hasemi uongo.

Ramani iwe ya kuchora kwa mkono. Picha ya setilaiti inaonyesha mapaa ya leo; haijui kwamba mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashambani, ulipita hapa, kwamba masale yaliyopandwa mpakani yaling'olewa na nani, wala kwamba njia fupi ya kwenda shule ilikatiza kihamba (shamba la nyumbani) cha mtu tuliyemwogopa. Mwanafunzi achore kihamba kama alivyokijua akiwa na miaka minane, hata kama vipimo vimepotoka, kwa maana njia iliyokuwa ndefu kwa mtoto inastahili kubaki ndefu kwenye karatasi.

Video sizihimizi. Inawezekana kwamba ni ukaidi wa mtu anayefundisha maneno, lakini uzoefu wangu ni kwamba msomaji akishabonyeza video haurudii ukurasa, na kwamba video nyingi za darasani huishia kuwa mwandishi akisoma alichokwisha kukiandika huku muziki ukipiga nyuma. Isipokuwa kama kuna kazi ya mikono ambayo haielezeki bila mwendo, kama vile kusuka mkeka, basi hiyo nusu dakika naikubali.

Kuhusu ruhusa, siwezi kupita haraka, kwa sababu hapa ndipo tawasifu zinapozua ugomvi wa kweli. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha ni kazi yenye mwenyewe, hivyo kuwa na karatasi ya picha mkononi hakumaanishi kwamba una haki ya kuichapisha. Kwa picha za studio za zamani tunafanya linalowezekana: tunatafuta mwenye studio au warithi wake, tunaomba, na kwa vyovyote tunataja jina lililo kwenye muhuri. Nyimbo ni ngumu zaidi, kwa kuwa mtunzi ana haki yake na waliopiga na kuimba wana yao, kwa hiyo wimbo wa bendi uliopigwa siku ya harusi ya wazazi usiwekwe chini ya maandishi kwa sababu tu unapatikana mtandaoni. Aliyeukumbuka wimbo aeleze nani aliucheza na nani alikaa pembeni kwa hasira, au akaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, namna ya kupata kibali.

Walio hai wanayo haki nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewakumbusha wengi kwamba habari za afya na za familia ya mtu si za kusambazwa ovyo, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na adabu. Picha ya mgonjwa kitandani siiruhusu, hata kama mgonjwa ni mama mzazi wa mwandishi, mpaka mama mwenyewe aseme akiwa na nafuu. Picha za watoto wa wengine tunaziacha. Picha zinazopigwa sasa kwa simu hubeba pia, ndani ya faili, mahali zilipopigwa, na taarifa hiyo ifutwe kabla ya kuziweka mtandaoni ikiwa zinaonyesha nyumba ya mtu anayeishi peke yake.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuleta picha ya harusi aliyomkata mume waliyeachana, amebaki yeye na bega la suti. Alitaka kuichapisha hivyo hivyo. Wenzake waligawanyika, na mimi nilimwambia kwamba zipo njia mbili ambazo msomaji atazikubali: achague picha nyingine, au aiweke hiyo yenye bega na aseme wazi kwamba aliikata yeye, kwa mkasi gani na jioni ya siku gani. Njia ya tatu, ya kukata kwa ustadi kwenye kompyuta ili ionekane kama hapakuwa na mtu, siikubali katika tawasifu, kwa kuwa msomaji amekuja kwetu akiamini kwamba yaliyomo yalikuwepo. Alichagua bega. Ni ukurasa mzuri kuliko yote aliyoandika.

Kwa wanaochapa kitabu cha karatasi, msimbo wa QR unaweza kumpeleka msomaji kwenye sauti, na kuutengeneza ni bure. Hata hivyo, mahali ambapo sauti imehifadhiwa kwenye mtandao panaweza kufungwa baada ya miaka michache, wakati kitabu kitabaki kabatini, kwa hiyo maneno ya rekodi yachapwe yote ndani ya kitabu kando ya msimbo huo.

Zinabaki zile picha zilizoshindwa jaribio la kiganja, na huwa ni nyingi. Nawaomba wanafunzi wasizirudishe kwenye bahasha bila kuzipa majina. Kwa picha za karatasi ya zamani isiyo na plastiki, nyuma paandikwe kwa penseli laini, picha ikiwa imelazwa kifudifudi juu ya kioo au meza ngumu, kwa sababu kalamu ya wino huacha mchirizo upande wa mbele na wino wake huhamia kwenye picha inayolala juu yake. Karatasi zenye utelezi wa plastiki, ambazo ni nyingi kuanzia miaka ya 1970, hazishiki penseli. Hizo ziwekwe kila moja katika bahasha yake, na majina yaandikwe juu ya bahasha kabla picha haijaingizwa. Na yaandikwe majina kamili, si "mama" na "anti", kwa kuwa albamu ikishabadilisha mikono mara moja, mama wa mwandishi atakuwa bibi wa mtu mwingine.